Mama Zebra na Kivuko cha Zahanati

Tarehe thelathini Juni, Idara ya Barabara ya halmashauri yetu itamuaga Mama Zebra, msimamizi wa kikosi cha alama za barabarani, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lililo kwenye faili lake wengi wetu hatulijui, na hata ukimwita kwa hilo haitiki.

Alianza kama kibarua wa kuchanganya rangi. Miaka minne baadaye alikabidhiwa brashi, kisha kikosi kizima. Vivuko vya zebra vya mbele ya shule zetu zote vimepita mikononi mwake, na kabla ya kila muhula huvikagua kwa miguu, kimoja baada ya kingine.

Ukali wake hauchagui mtu. Siku moja gari lilikanyaga rangi mbichi. Alizifuata alama nyeupe za matairi mtaa kwa mtaa hadi kwenye maegesho yetu wenyewe, zikaishia kwenye gari la mkuu wa idara! Mkuu alivishwa kizibao kinachong'aa, akapewa bendera, akaongoza magari saa nzima juani. Tangu siku hiyo, maombi ya rangi hayajawahi kulala mezani kwake.

Lakini tutakalomkumbukia zaidi ni la kivuko cha zahanati. Kilichorwa hatua mia moja na ishirini kutoka langoni, kama mchoro ulivyosema. Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, akagongwa na pikipiki akivuka pale langoni, mguu ukavunjika. Wengi tulimlaumu: kivuko kipo, kwa nini asikitumie? Mama Zebra yeye alikwenda wodini kumjulia hali. Fundi akamwambia, "Dada, nilikuwa na homa, hata kutembea nilikuwa najikongoja. Huko kwenye rangi yenu ningefika kwa kutambaa?"

Mama Zebra alirudi kazini hana raha. Siku tatu mfululizo alikaa langoni na kigoda na daftari. Watu mia nne na kumi na wawili walivukia langoni; kivukoni, kumi na tisa tu. Alipompelekea mhandisi wa idara hesabu hiyo, akiomba kivuko kihamishiwe langoni, mhandisi akamjibu kwamba mchoro umeshapitishwa. Hakubishana naye. Aliazima kiti cha magurudumu, akakikalia, akamwomba mhandisi amsukume tu kutoka langoni hadi kivukoni, wavuke, kisha warudi upande wa pili hadi mkabala na lango. Ilikuwa saa saba mchana, na kando ya barabara ni mchanga mtupu. Mhandisi alifika shati limelowa chapachapa, akasaini kibali cha kukihamisha papo hapo, karatasi ameiegemeza kwenye kile kiti.

Mchoro ule niliuchora mimi ninayeandika haya, mchoraji wa idara; mhandisi aliupitisha tu. Nilingoja anisute mbele za watu. Badala yake, asubuhi moja alinipitia ofisini na vigoda viwili. "Mdogo wangu," akaniambia, "twende ukaone watu wanavyotembea." Sijachora kivuko tena bila kwanza kwenda kukaa.

Kivuko kilihamishwa, matuta mawili yakawekwa, na huu ni mwaka wa tisa hajagongwa mtu pale. Fundi alipona, ingawa anachechemea kidogo.

Mama, asante kwa mgongo uliouinamisha juu ya lami ya moto ili wengine wafike nyumbani salama. Nenda ukapumzike. Tunakuombea afya njema, usingizi mtamu, na wajukuu watundu kiasi.