Foleni ya Kuangalia Maji

Benchi la Kaaha muuza kahawa, nyuma ya soko la mifugo la Garissa, ni ubao wa nyuma wa lori lililokata roho Modogashe, na hadi leo ubavuni limeandikwa USINIKARIBIE. Hakuna aliyewahi kutii. Kila Jumatano mnada ukipoa, watatu hubanana hapo na vikombe vya kahawa ya tangawizi: Guleid, aitwaye Meno kwa sababu humfungua ngamia mdomo mara moja tu akakutajia umri wake, Deeq dalali, aitwaye Redio kwa sababu hazimiki, na Musyoka, Injinia, mstaafu wa idara ya maji, Mkamba ambaye kwa miaka kumi na tisa mjini amejifunza Kisomali cha kuagizia nyama na kukomea hapo. Kwa heshima yake, ubishi wote hufanyika kwa Kiswahili.

Jumatano hii Guleid alikuja na jambo. Simu ameilaza juu ya paja kama yai. Bintiye Maka, aliyeolewa Istanbul, ametuma ujumbe asubuhi: Aabo, tiketi inakatwa leo kabla ya alasiri. Unakuja au huji?

— Nitafutieni sababu, akasema Guleid. Sababu nzito, ya mtu mzima. Mji ule Agosti, mimi sirudi.

— Mwambie ngamia anazaa, akadakia Deeq.

— Nilimwambia hivyo mwezi wa Ramadhani. Akaniuliza, Aabo, huyo ngamia anazaa kila Jumatano?

Musyoka akacheka hadi kahawa ikapanda puani.

— Kwani kule kuna nini, Meno? Digrii thelathini na mbili? Hapa tuko thelathini na nne, na huu ndio msimu wetu wa baridi!

— Injinia, wewe hujui. Joto la hapa linakupiga kofi, likimaliza linakwenda zake. La kule linakukumbatia kama shangazi ambaye hamjaonana miaka kumi. Halikuachii! Na watu, wallahi! Chukua mnada wa leo, toa mbuzi wote, kila alipokuwa mbuzi weka Mjerumani mwenye kofia.

Kaaha, aliyekuwa akimimina, akakosa kikombe.

— Sema ile ya kisima, akasema. Injinia hajaisikia.

Guleid akajifuta shingo. Alikuwa ameificha kwa mwaka mzima, ikamponyoka mbele ya Kaaha peke yake. Sasa basi.

— Siku ya pili nilitoka kutembea, nikapotea, kiu imenishika. Mara naona foleni. Watu mia tatu, jua la utosini, kila mmoja na chupa mkononi. Mimi nimekulia Hulugho. Nikiona watu wamejipanga juani na vyombo, nitauliza nini tena? Hapo kuna kisima.

Benchi zima likaitikia kwa kichwa. Nani angewaza vingine?

— Nikajipanga. Nikasema, desturi ya kisimani mgeni hunywa kwanza. Nikamgusa mama mmoja, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha mnada, mimi ni msafiri. Akanijibu, hata mimi. Wa mbele yake, msafiri. Wa nyuma yangu, msafiri. Foleni nzima hamna mwenyeji hata wa dawa!

— Wenyeji walikuwa wapi? akauliza Musyoka.

— Kivulini. Wanatuangalia. Saa mbili nzima juani, Injinia. Nikafika, nikateremshwa ngazi. Chini ya ardhi, berkad! Kama zile tunazochimba za kutega mvua, lakini hiyo kubwa kama uwanja wa mpira, nguzo za mawe, taa, maji yametulia tuli.

Musyoka akasogea.

— Lita ngapi?

— Hayanywewi.

— Yana chumvi?

— Hayanywewi tu. Yanapigwa picha.

Musyoka akaweka kikombe chini taratibu, kama mtu aliyepokea habari za msiba.

— Miaka thelathini idarani, akasema, hakuna aliyewahi kuja kupiga picha maji yangu. Walikuja kuuliza yako wapi.

— Nyinyi hamjaelewa hiyo watu! Redio ikawaka. Hiyo ni ujanja ya mnada! Ng'ombe unampa chumvi usiku, asubuhi anakunywa mpaka tumbo inajaa, mnunuzi anasema maasha Allah, huyu amenona. Kule mtalii anapewa mbegu ya alizeti yenye chumvi, anachomwa jua, anaonyeshwa maji bila kuonja. Akitoka juu...

— Nilinunua chupa tatu, akakiri Guleid.

— Waryaa! Si nilisema?

— Hapana, hapana, akasema Injinia, sauti ya ofisini imemrudia. Watu mia tatu wanaingia na jasho. Chini kuna baridi. Jasho linapanda, linagonga dari, linadondoka. Meno, ile berkad haina mto wala mvua. Inajazwa na watalii.

Hata Deeq aliona amezidiwa. Lakini Redio haijawahi kukosa betri.

— Basi tumepata! Hulugho kwa kina Meno ichimbwe shimo moja, ifunikwe, tulete Wajerumani elfu mbili. Kufika Desemba ngamia wanakunywa! Na wewe Meno, sababu yako hii hapa. Mwambie Maka, Aabo hawezi kutoka tena, jasho yake ni mali ya kaunti.

Benchi likalipuka. Guleid mwenyewe alipiga goti kofi. Sababu ilikuwa nzito, ilikuwa ya mtu mzima, tena ilikuwa na maendeleo ndani yake. Akainua simu arekodi ujumbe.

Mwisho wa benchi aliketi mgeni, Gacheri, muuguzi kutoka Meru, wiki ya pili tu kwenye kliniki ya watoto. Alikuwa amekuja kujaziwa chupa yake ya chai, akabaki kusikiliza.

— Samahani mzee, akasema. Huyo Maka ana mtoto?

— Liban, maasha Allah. Nilipokwenda alikuwa wa miezi miwili, analala tu. Sasa ana mwaka na mwezi.

— Ana meno mangapi?

Aliuliza hivyo tu, kama anavyouliza kila mama kliniki, huku akifunga chupa.

Redio ikazimika. Guleid akatazama sokoni. Asubuhi ile alikuwa amefungua midomo thelathini na moja. Ng'ombe mwekundu wa Abdihafid, Guleid angekuambia gego lake lipi limelegea.

— Sita? Deeq akajaribu.

— Nane, akasema Musyoka.

— Nyamazeni! Huyu hayuko mnadani.

Kaaha akainamisha birika. Tone moja tu, kahawa imekwisha. Guleid alikuwa tayari amepiga simu.

— Aabo? Sauti ya Maka ikasikika hadi kwa punda wa sokoni. Unakuja?

— Liban ana meno mangapi?

— Meno? Ana...

— Usiniambie! Kata tiketi. Nitamfungua mdomo mimi mwenyewe.

Musyoka akamvuta mkono wa kanzu.

— Ukipita pale kwenye maji, nipimie kina.

Guleid akamwashiria asubiri, akairudisha simu sikioni.

— Na kofia, Maka. Ninunulie kofia. Kubwa, kama ya Mjerumani.