Milango Miwili, Sanduku Moja

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu. Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa wa Mwalo Mdogo, Mzee Kurwa. Mwalimu Oswald, uliyekuwa mwandikishaji msaidizi wetu. Mashehe, mapadri na wachungaji mlioketi benchi moja leo. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha dagaa juani ili mje kukaa hapa. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Mwanga, Rusimbi na kwingineko. Mabibi na mabwana.

Na wewe, shemeji yangu Emmanueli, ambaye hujaketi miongoni mwetu. Najua uko nyuma ya jengo hili, upande wa ziwa, na kila mtu hapa anajua kwa nini. Spika moja imeelekezwa huko kwa ajili yako.

Mimi ni Diana, binti wa Yona, fundi mitumbwi. Nilizaliwa kwenye mtaa huu, nikasoma shule ya msingi ile pale juu, nikaenda Dodoma kusoma sheria, nikarudi. Mzee Kurwa aliponiomba niseme machache kwenye ufunguzi wa ofisi hii, ambayo mwezi ujao itakuwa pia kituo chetu cha kupigia kura, nilimwambia kwamba mimi si mtu wa majukwaa. Akanijibu, "Mwanangu, watu wa majukwaa tumeshawasikia. Wewe sema kilichotokea." Basi nitasema kilichotokea.

Mnakumbuka daftari la awali la wapiga kura lilipobandikwa pale shuleni, kila mtu akakague jina lake. Tulikwenda, tukayakuta majina yetu, tukarudi tumeridhika. Kisha tukaitwa. Tukaambiwa kwamba majina ya watu wengi wa mwaloni, huku mitumbwi inakoshusha samaki, yamewekewa pingamizi, na kwamba asiyefika kusikilizwa atafutwa. Sababu ilikuwa ileile kwa wote: huyu si raia wa Tanzania. Tulipojitazama, tukaona kinachotuunganisha. Kila mmoja wetu alikuwa na babu au bibi aliyevuka ziwa kutoka Kongo. Wapo miongoni mwetu waliokuwa wakipiga kura kabla hata ya mweka pingamizi kuzaliwa. Jina langu lilikuwamo. La baba yangu lilikuwamo.

Naomba niseme jambo hilo linavyokuwa ndani ya mtu, kwa sababu wengi wenu hamjawahi kuulizwa kama ninyi ni wa hapa. Haianzi kwa hasira. Inaanza kwa kujisikiliza. Nilikwenda sokoni Mwanga kununua sukari, nikajikuta nayachunguza matamshi yangu mwenyewe, kama mtu anayemsikiliza mgeni nyuma ya mlango. Asubuhi ukungu ulipoondoka na milima ya ng'ambo ikaonekana, nikageuza uso haraka, kana kwamba kuitazama ni ushahidi dhidi yangu. Niambieni, ndugu zangu, ni raia gani mwingine wa nchi hii anayeogopa kutazama mlima?

Aliyetia sahihi mapingamizi yale ni Emmanueli, seremala wa Mwanga. Nimemwomba ruhusa kabla ya kulisema hili mbele yenu. Alinijibu, "Sema, shemeji, ila usitie chumvi." Sitatia. Emmanueli hakuwa adui yetu. Walimfuata watu waliokuwa wakizihesabu kura kabla hazijapigwa, wakamwambia kule mwaloni kumejaa wageni, wakampa karatasi zenye majina, naye akazitia sahihi zote kama mtu anayepokea mbao bila kuzigeuza.

Na katikati ya majina hayo lilikuwapo la Margareta Bariki.

Naona mmeanza kucheka. Kwa faida ya wageni wetu, Bibi Margareta, huyu aliyeketi hapa mbele na kitenge cha bluu, ndiye mama mzazi wa Scola, dada yangu wa kukua pamoja, mke wa Emmanueli. Kwetu sisi mkwe hamtaji mama mkwe kwa jina. Hali naye sahani moja, haingii chumba alichomo, na wakikutana njiani anapinda. Tangu amuoe Scola, Emmanueli amekuwa akisema "Mama", basi. Jina lililo kwenye kadi ya Bibi hakuwahi kuliuliza, na nani angethubutu kumwambia? Kwa hiyo alimwekea pingamizi mtu ambaye asingeweza hata kumkanyagia kivuli.

Scola ndiye aliyegundua. Alikuja mbio hapa mwaloni, akatukuta mimi na Bibi tunageuza dagaa kwenye kichanja.

"Mama, Emmanueli amekuwa kama mgonjwa. Anasema kesho asubuhi anakwenda kukuondoa kwenye pingamizi. Hakujua kama ni wewe."

Bibi hakuacha kugeuza dagaa. "Hakujua kama ni mimi. Na hao wengine anawajua?"

"Hawajui, Mama."

"Kama hawajui, alijuaje kuwa si raia?"

Scola akainama, akageuza dagaa wawili watatu. "Mama, na wewe. Jambo limekwisha. Kubali tu."

"Limekwisha kwangu. Kwa Yona limekwisha? Kwa huyu Diana limekwisha?" Ndipo akainua uso. "Mwambie mkwe wangu namheshimu. Lakini akinitoa mimi peke yangu atakuwa amenipendelea, na mimi sijaomba kupendelewa. Kadi yangu na ya jirani yangu zinafanana. Atutoe wote, ama aje athibitishe kwa wote."

Nilikuwa nimesoma sheria miaka mingi, nimeandika mitihani juu ya usawa wa raia. Siku ile nilisimama na mikono inayonuka dagaa nikaona usawa unavyofanya kazi. Mtu anafunguliwa mlango wa peke yake, anaukataa, kwa sababu wenzake wamebaki nje.

Emmanueli hakumtoa Bibi peke yake, na kututoa wote hakuweza. Waliompa karatasi walikuwa wakimtazama. Ikafika siku ya kusikilizwa.

Mlikuwepo, mnakumbuka darasa lilivyojaa. Mwalimu Oswald alikaa mezani, Bibi Margareta akakaa benchi la mbele, mimi kando yake. Mwalimu akaita, "Mweka pingamizi aingie." Emmanueli akafika mlangoni, akaona kitenge cha bluu, akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Tukasikia sauti yake dirishani.

"Mwalimu, siwezi kuingia. Mkwe wangu yumo."

"Sheria haina mkwe," akasema Mwalimu Oswald. "Ingia, ama pingamizi lako lianguke."

Darasa lilicheka mpaka madawati yakalia. Mimi nikaona ushindi uko mkononi. Nikamnong'oneza Bibi, "Kaa hapohapo, usinyanyuke. Asipoingia, yote yanafutwa na tumeshinda."

Akanitazama kwa huruma. "Tushinde kwa sababu ya ukwe? Halafu kesho waseme tuliponea mlangoni? Mwanangu, nataka aulizwe. Nataka watu wote hawa wasikie ana nini juu yetu."

Akasimama. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja tu, na Emmanueli alikuwa upande wake wa nje. Basi Bibi akajifunika kitenge kichwani, akaenda kwenye kona karibu na ubao, akageukia ukuta. Akasema kwa sauti, "Haya, mwambieni mwanangu aingie. Mimi sipo."

Naye akaingia, macho chini. Akaulizwa jina baada ya jina. Una ushahidi gani juu ya huyu? "Niliambiwa." Na nani? Na huyu je? "Kwao wanaongea Kibembe, lugha ya ng'ambo." Hapo Mwalimu Oswald akavua miwani. "Wewe kwako mnaongea nini?" "Kiha." "Mimi kwetu Songea tunaongea Kingoni. Nifute na jina langu?" Kila jina liliposomwa, mwenyewe alisimama akasema yeye ni nani na amezaliwa wapi, na kila pingamizi lilitupwa. Jina langu liliposomwa nilisimama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sukari niliisikia sauti yangu bila kuichunguza.

Likabaki jina moja. Utaratibu ulimtaka mweka pingamizi amtaje anayempinga. Emmanueli akafungua kinywa, akakifunga. Hakuna aliyecheka tena. Mwishowe Mwalimu Oswald akalisoma mwenyewe, polepole: "Margareta Bariki."

Na kutoka kwenye kona, kwa mtu aliyetuambia hayupo, ikatoka sauti ikielekea ukutani: "Nipo."

Ndugu zangu, nimetafuta vitabuni maana ya haki ya kupiga kura. Sijapata neno linalolizidi lile. Kura ndiyo namna ya raia kuiambia nchi yake kwamba yupo, na nchi haina ruhusa ya kumwuliza babu yake alivuka maji gani.

Mwalimu Oswald, tunakushukuru. Hukutuonea huruma na hukutuogopa. Ulimtaka mwenye madai alete uthibitisho, kama ambavyo sheria inataka, na hilo tu lilitutosha. Mzee Kurwa, uliacha shughuli zako ukakaa nasi kutwa nzima ingawa jina lako halikuguswa na mtu. Watu wa mwaloni, msisahau jambo hilo. Siku pingamizi litakapowekwa juu ya watu wengine, wa mlimani, au wa dini fulani, au wa kabila lisilo na mtetezi, nataka sisi tuwe wa kwanza kujaza darasa. Tutakuwa tumekwenda wapi na ushindi huu kama tutaufungia ndani?

Namalizia na jengo hili. Tulipokuwa tukilijenga kwa nguvu zetu, wanaume wakibeba mawe na wanawake mchanga, michoro ilionyesha mlango mmoja. Siku moja mkokoteni ulitoka Mwanga ukiwa na mlango wa mninga, umepigwa randa vizuri, haukuagizwa na mtu. Uliletwa na Scola. Ujumbe wa mumewe ulikuwa mfupi: "Wekeni wa pili. Mama aingie huku, mimi nitoke kule, na sote tupige kura."

Mafundi walivunja ukuta uliokwisha kupigwa plasta. Ndiyo maana ofisi yetu ina mlango unaotazama barabara na mwingine unaotazama ziwa, na mila zetu zimebaki mahali pake, na raia amebaki mahali pake. Lakini chumba ni kimoja, na sanduku litakalowekwa katikati yake mwezi ujao ni moja. Humo karatasi ya Bibi Margareta na ya mkwe wake zitalala bega kwa bega, na anayezihesabu hatajua ipi ni ya nani.

Kabla sijasimama hapa nilimuuliza Bibi angependa afungue mlango upi. Amesema ataufungua huu wa barabarani, na ule wa ziwani aufungue aliyeuchonga, wote kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa upande wake.

Asanteni kwa kunisikiliza. Bibi, simama, ufunguo uko kwa Mzee Kurwa. Shemeji Emmanueli, jiandae huko nyuma. Ukisikia Mama amesema "Nipo", sukuma.