Chunusi, Kovu au Mtu: Maisha ya Dada Yetu, Haifutiki

Ndugu, jamaa na marafiki, naomba utulivu. Wasifu nitakaousoma sio huo uliochapwa kwenye ratiba mliyoshika. Huo aliuandika baba yetu mdogo, na karibu na mwisho ameandika kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi." Baba mdogo, shikamoo. Nakuheshimu, umetulea. Lakini dada hakuugua. Dada aliuawa. Mwenye kalamu aukate mstari huo, maana wakili wa aliyemuua anautafuta kwa udi na uvumba akauonyeshe mahakamani, na wazee wa upande ule wameshakuja nyumbani kuomba "tuyamalize kindugu." Undugu gani? Mimi ndiye niliyemfuata mgongoni, tumenyonya ziwa moja. Nitasoma kama ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979, kabla ya mimba kutimia, kwa sababu baba alimpiga mama teke la tumbo akidai mchuzi umezidi chumvi. Alitoka mdogo hata shangazi akasema, "Huyu Ijumaa hafiki." Akafika. Shangazi mwenyewe tulishamzika, na dada ndiye aliyewapikia waombolezaji.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na nyumbani, kisha sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1996. Shuleni alisifika kwa kuchora na kwa ngumi. Yupo mzee mzima hapa leo mwenye pengo la jino, na analijua lilikotoka. Ila somo lake kubwa alilipata mbele ya kioo cha mama. Baba alipenda kupiga usoni. Mama aliuza vitambaa dukani, na muuza duka huwezi kumkabili mteja na jicho limevimba. Basi asubuhi dada, mtoto wa miaka tisa, alichanganya poda mbili mgongoni mwa kiganja, moja nyeupe mno, nyingine nyekundu mno, mpaka apate rangi ya mama. Kisha anamziba. Kuziba, kwa lugha ya saluni, ni kupaka krimu nzito juu ya doa mpaka doa lisionekane. Mama akitoka hapo, hata jirani wa ukuta mmoja hajui kitu.

Oktoba ya mwaka ule ule wa 1996, baba alimkamata mama nywele akamgonga kichwa kwenye sinki la jikoni. Hakumgonga mara moja. Mimi nilikuwa mlangoni, nilisikia mfupa. Siku ya maziko shangazi zetu walimwita dada, wakampa kikopo cha poda: "Mzibe mama yako, watu wanakuja kuaga." Akamziba. Watu wakapita wakisema, "Jamani, kapendeza kama bibi harusi!" Wasifu ukasomwa, ukasema mama aliugua kwa muda mfupi. Hakuna aliyeuliza swali. Baba akazeeka, akafia kitandani kwake, ameshiba. Dada aliniambia, "Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Na ndiyo iliyomwokoa baba."

Mwaka 2004 alifungua saluni yake ya kupamba maharusi, chumba kimoja kinachotazamana na karakana ya mafundi wa kuchomelea. Jina la Haifutiki alipewa siku mvua ilipong'oa turubai katikati ya sherehe. Wanja wa mama mkwe ulishuka mpaka kidevuni, masikini, akawa kama mtu aliyetoka kuzima moto. Bibi harusi aliloa chapachapa lakini uso wake haukutikisika. Siri haikuwa dawa. Alikuwa akipaka tabaka nyembamba, anaipiga poda, anasubiri, anapaka nyingine. "Ukikandika kama ukuta, itabanduka kama ukuta," alisema. Hakumruhusu mtu ajaribu krimu mpya asubuhi ya harusi. Alitaka uso na shingo viwe ndugu wa baba mmoja. Na siku ya majaribio alimkatia bibi harusi kitunguu chini ya pua, alie kabisa, waone kama kope za kubandika zinashika. "Lia hapa kwangu," alikuwa akisema, "kule ukumbini utalia bure."

Mumewe, shemeji yetu mpiga picha, alimpata kwa ugomvi. Harusi moja picha zilitoka bibi harusi kawa mweupe pe, shingo nyeusi. Shemeji akaja saluni amefura: "Dada, nilikodiwa kupiga bibi harusi, wewe umenipakia mzuka!" Dada akamjibu, "Kamera yako kipofu, ipeleke hospitali." Walibishana mpaka wakawasha flashi na kujipiga picha wenyewe, poda baada ya poda, wakaigundua ile inayong'aa mwangani. Ikatupwa. Toka hapo kila bibi harusi alipigwa picha za majaribio, ndani, juani na kwa flashi, kabla ya siku yenyewe. Walioana tarehe 11 Agosti 2007. Shemeji hajawahi kumnyanyulia mkono, na nalisema kwa sauti kwa sababu katika ukoo huu ni habari.

Kila aliyekaa kwenye kiti chake na kusema "naomba unizibe," aliulizwa swali moja: "Nikuzibe nini? Chunusi, kovu au mtu?" Chunusi alizimaliza. Kovu la moto, la ajali, la upasuaji, alilifuta hata mwenyewe ukalitafuta. Lakini jeraha la kipigo hakuligusa. "Mtu simzibi," alisema. Wateja walimkimbia, wakamwita jeuri. Hewala, alikuwa jeuri.

Jumamosi tarehe 3 Mei mwaka huu, asubuhi, aliingia binti na mama yake, amejifunika mtandio mpaka puani. Mtandio ulipotoka, jicho la kushoto lilikuwa limefumba kwa uvimbe na mdomo umepasuka. Bwana harusi alikuwa amemkuta akiongea na simu.

"Kajigonga mlangoni," akasema mama mtu. "Mzibe haraka, magari yameshafika."

"Chunusi, kovu au mtu?"

"Nimeshakwambia, mlango!"

"Sijakuuliza wewe, mama. Namuuliza mwenye uso."

Binti akasema, "Mtu."

Dada akaweka brashi chini. "Basi hapo simzibi. Nitakupamba kote, upendeze, ila hapo nitapaacha wazi. Ukitaka kwenda, nenda wakuone. Usipotaka, kiti ni chako, kaa."

Binti alikaa. Mama yake akatoka nje kupiga simu, na aliyempigia mnamjua. Bwana harusi alikuja na suti yake, ua kifuani. Alimvuta binti kwa shela mpaka shela ikachanika na nywele, akamkanyaga mbavuni. Dada akajitia katikati. Yule mwanaume akanyakua stendi ya chuma ya taa, akampiga nayo kichwani. Akaanguka, akampiga tena akiwa chini, usoni, huku akipiga kelele, "Ziba! Si kazi yako? Ziba!" Kioo kilivunjika, damu iliruka mpaka kwenye vikopo vya poda. Mafundi wa kuchomelea waliruka barabara wakamkamata, na sitaficha, walimvunja mkono. Mimi nilisema wamechelewa kidogo, wangeanza na vidole.

Dada alifanyiwa upasuaji wa kichwa. Fuvu lilikuwa limebonyea juu ya jicho. Siku alipopata fahamu, shemeji alimficha simu asijione. Akamwambia kwa ulimi mzito, "Nipige picha. Bila poda. Washa flashi." Shemeji alilia, akapiga. Dada akaitazama na kusema, "Hii imetoka vizuri." Kisha akauliza, "Harusi ilifungwa?" Tukamwambia haikufungwa. "Haya," akasema, akalala. Damu ilivuja tena ndani ya kichwa, akafariki Jumapili tarehe 11 Mei. Picha ile iko polisi.

Jana nilipofika chumba cha maiti niliwakuta wanafunzi wake wa saluni wamekuja na sanduku lake la vipodozi. Walikuja kwa mapenzi, siwalaumu. Mmoja alishaichanganya rangi ya dada mgongoni mwa kiganja, na ilikuwa rangi yake hasa. "Mama mdogo," aliniambia akilia, "tumzibe kidogo tu, apendeze." Shangazi walionibakia walikuwa nyuma yangu wakiitikia, "Ndiyo, azibwe, watu wanakuja." Nikamuuliza yule mwanafunzi, "Mwalimu wako angekuuliza nini?" Akaweka brashi chini. Halafu akanawa mikono. Wakamchana nywele, wakampaka mafuta mdomoni, wakamvika gauni la kijani alilolipenda. Basi.

Marehemu ameacha mume, shemeji yetu, binti mmoja wa kidato cha tatu, ambaye amerithi ngumi, mimi mdogo wake, baba mdogo, shangazi wawili, wanafunzi wake wa saluni, na yule binti wa Jumamosi ile, aliyeomba aandikwe miongoni mwa watoto. Ameandikwa. Amekaa kiti cha mbele na uso wake mtupu, na ndiye shahidi wa kwanza kesi itakapoanza.

Sasa tutapita kumuaga. Jeneza liko wazi. Mtakachokiona juu ya jicho lake na shavuni kitawatisha, kilinitisha na mimi. Msigeuke. Mliokuja na watoto, watoto wakiuliza dada amefanya nini usoni, msiwaambie ugonjwa, msiwaambie mlango. Waambieni ni mtu, na mumtaje jina.

Lala salama, dada yangu. Hatukukuziba.