Uzi wa Fundi Mashua

“Chesisi imepinda, mzee! Lazima iende Mombasa ikanyooshwe kwa mashine!”

Phineas alikuwa akishindana kwa sauti na injini ya boti iliyokuwa ikitutoa Mokowe kwenda Amu. Pikapu anayoendesha iligonga nyati karibu na mji wa Hindi, fremu yake ya chini ikapinda. Springi ni mpya, shokomzoba ni mpya, na bado inaenda upande kama kaa. Alikuwa anavuka kumwambia tajiri wake habari hiyo, kisha akae mwezi mzima bila kazi.

Aliyeketi kando yake, Bwana Harith, fundi mashua ambaye hakuwa amemjua dakika kumi zilizopita, alitoa uzi mfukoni. “Mashine ya nini? Pima kona kwa kona, kisha upime kinyume. Nyuzi mbili zisipolingana, utajua upande uliopinda. Mashua zangu zote huzipima hivi, na hakuna iendayo ndia ya upande.”

“Gari si mashua! Ile ni chuma!”

“Uzi haujui chuma wala mbao.”

Wakaanza kuipima boti yetu, toka ncha ya mbele hadi pembe mbili za nyuma, uzi ukipita juu ya magoti yangu bila hodi. Pembe moja ilizidi kwa vidole vinne.

“Umeona!” akapaza sauti Harith.

“Nimeona, lakini uzi utanyoosha chuma?”

“Kunyoosha ni kazi yako!”

Tulipofika gatini tulishuka sote isipokuwa Phineas. Alikuwa ameuzungusha uzi wa Harith kidoleni, akimwuliza nahodha anarudi Mokowe saa ngapi.

“Sasa hivi,” nahodha akajibu bila kucheka, “ikiwa waiamini boti iliyopinda.”