Dirisha la Mwalimu Lornah Achola Ouma

Mwalimu Lornah Achola alizaliwa Usenge tarehe 14 Machi 1952, binti wa Mzee Ondiek, mvuvi, na Mama Aoko, aliyeuza omena, dagaa wa ziwani. Alisomea hapo hapo ufuoni, akajiunga na chuo cha ualimu mwaka 1972, na tangu Januari 1974 hadi alipostaafu mwaka 2007 alifundisha Kiingereza mjini Kisumu.

Wanafunzi wake walio hapa leo wanalikumbuka somo la kwanza la kila mwaka. Aliandika ubaoni neno moja, window, akawaeleza kwamba Waingereza walilipata kwa mabaharia wa kaskazini, na kwa watu hao maana yake ilikuwa jicho la upepo. Enzi hizo hakukuwa na vioo. Nyumba iliachiwa tundu tu la kupitisha hewa na mwanga. "Kwa hivyo nyumba pia inaona," alisema. "Sasa wewe Cliff, acha kutazama huko nje uangalie ubao." Kompyuta zilipokuja na kulichukua neno lile lile, alicheka, akasema limepata kazi mjini.

Mwaka 1976 aliolewa na Bwana Fabian Ouma wa Pap Onditi. Walikaa Kaloleni, mjini Kisumu, miaka mingi, wakajaliwa Emmaculate, anayesoma wasifu huu, na Okello.

Tarehe 9 Agosti 2011 Okello alitoka Usenge, kwa wajomba zake, kwenda kuvua ziwani. Mashua ilipatikana. Yeye hakupatikana. Mwaka ulipopita, wazee walileta yago, tunda ambalo kwetu huzikwa badala ya mtu ambaye mwili wake haukuonekana. "Mama, tumpumzishe kijana," walimsihi. Mwalimu aliwapa chai kwanza, kisha akawajibu, "Wazee wangu, hiyo yago mrudi nayo tu. Mimi bado naangalia barabara."

Alitamani kumwona mwanawe kila siku, na hakuficha. Dirisha la sebule hapa nyumbani Pap Onditi, linalotazama barabara, halikufungwa tena, hata mvua ikinyesha. Kiti kilichokuwa chini yake kilioza, akanunua kingine.

Kisukari kilimsumbua tangu mwaka 2018. Januari mwaka huu alilazwa Kisumu, akaomba kitanda cha dirishani. Alituacha Jumatatu asubuhi, tarehe 3 Februari 2025. Neno lake la mwisho kwa bintiye lilikuwa, "Emma, usifunge."

Wiki hii yago imeletwa tena, izikwe kando yake. Emmaculate amewapa wazee chai.

Mwalimu ameacha mume, Bwana Fabian. Watoto wawili, Emmaculate na Okello. Na wajukuu watano. Sasa apumzike. Zamu ya kuangalia barabara ni yetu.