Salamu za Rex

"Ulimsalimia mbwa kwanza, Nicanor! Ukamwita jina, ukamkuna sikio, mimi ukanipita kama mti!"

Gari moshi lilikuwa limetoka tu Thika, na Magdalene, mwenye kikapu cha ndizi, akaacha kusinzia. Nicanor na mwenzake Ndung'u, waliokaa mbele yake, walikuwa wapishi wa nyumba jirani kule Ruiru, na kila asubuhi kila mmoja alimtembeza mbwa wa memsabu wake wa Kizungu, Ndung'u akiwa na Rex.

"Ndung'u, ndugu yangu, ndivyo memsabu wangu anavyofanya. Humsalimia Rex, ndipo amwone aliyeshika kamba. Nilidhani ndiyo heshima."

"Heshima yao hiyo! Mimi na wewe tunakula sufuria moja!"

"Lakini mimi pia nilikuwa na mbwa. Sasa mtu mwenye mbwa anasalimia kama nani?"

Magdalene akachanganyikiwa, maana kwao Kamenu, kule Thika, mbwa wa njiani huokotewa jiwe, si kuulizwa habari. "Kwani huyo Rex aliitikia?" akauliza.

"Alitikisa mkia, mama! Hiyo ndiyo inaniuma. Mimi mpaka leo sijasalimiwa. Na kwako, Nicanor, sikanyagi tena."

Nicanor akajikuna kichwa mpaka gari likasimama Ruiru. "Mke wangu Apiyo amechinja kuku," akasema kwa unyonge. "Njoo ule."

"Unamwita nani, mimi au Rex?"

"Hata sijui tena, bwana. Njooni wote!"

Magdalene akajitwisha kikapu chake. Wote ni wote. Akawafuata.