Siku Alizotuachia Mzee Venusti Sebahire

Padri wetu, viongozi wa kilima cha Gasharu, ndugu wa upande wa Baba na wa Mama, wabebaji wenzake, majirani wote mliofika, mimi ni Donatila, kitinda mimba wa marehemu, nimepewa karatasi hii niisome kwa sababu kaka zangu wamesema wao watalia, kana kwamba macho yangu mimi ni ya mbao. Baba aliwaruhusu wabebaji kutua machela ya mgonjwa mara tatu kabla ya kufika mtoni, basi nikikwama nami mniruhusu nitue.

Marehemu Mzee Venusti Sebahire alizaliwa tarehe 12 Machi 1947 hapahapa Gasharu, katika wilaya tunayoiita leo Gakenke, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Ntezimana na Bibi Kanziga, akabatizwa wiki chache baadaye, siku ya Pasaka, na Bibi alipenda kusimulia kwamba maji yalipomgusa hakulia bali alimkunjia padri uso.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1955 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1961, akawa wa nne darasani, hakuendelea kwa kuwa nafasi zilikuwa chache na yeye hakuwa na wa kumsemea, lakini mwandiko wake ulibaki mzuri kuliko wetu sisi tuliofika sekondari, na hilo hakuacha kutukumbusha kila tulipomwandikia barua.

Kazi yake ilikuwa kilimo cha viazi na maharage, na mikono ikipata nafasi alisuka mianzi, kwanza vikapu, baadaye ingobyi, yaani machela yetu ya kubebea wagonjwa, ambayo wazee hapa wameibeba na vijana wameiona darini. Mwaka 1971 aliingia katika chama cha ingobyi cha kilima, ambacho kila nyumba ilikitolea mabega, na aliyekosa zamu yake alileta mtungi wa pombe ya mtama, akakaripiwa mbele ya watu, kisha akanywa pamoja nao.

Tarehe 18 Agosti 1973 alifunga ndoa na mama yetu, Stefaniya Mukamusoni, wakajaliwa watoto wanne, Silvani mwaka 1974, Agnesi mwaka 1981, Teofili mwaka 1987, na mimi tarehe 2 Novemba 1992. Alimpenda Mama kwa namna ya watu wa hapa, yaani hakulisema, ila kwa miaka karibu hamsini hakuna aliyemwona akila kiazi kikubwa, kila mara alikihamishia kwenye sahani ya Mama.

Tarehe 3 Februari 1979 babu yetu, Mzee Ntezimana, alifariki nyumbani akiwa na tumbo lililovimba, kwa sababu ilikuwa siku ya soko na wabebaji waliopatikana walikuwa wawili, na wawili hawawezi kumpandisha mtu kilima kile. Baada ya mazishi Baba alisimama akaapa kwamba hakuna mtu wa Gasharu atakayelala tena akingoja mabega, watu wakamchagua kuwa mkuu wa wabebaji papo hapo, na kazi hiyo aliishika kwa miaka thelathini na saba. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, aliwapoteza kaka yake na shemeji yake, majina yao tunayataja kila Aprili na leo tunayataja tena, Faransisiko na Imakulata.

Bima ya afya ya jamii, hii mituweli yetu, ilipofika kilimani, Baba aliipinga, na nalisema waziwazi kwa sababu wengi mliokaa hapa mlipinga naye. Alisema kulipia ugonjwa ambao haujafika ni kuupelekea mwaliko, na alisema jambo jingine ambalo mpaka leo siwezi kumbishia, kwamba mtu akishakuwa na kadi mfukoni atadhani amemaliza deni lake kwa jirani. Mwanzoni mwa mwaka 2005 alikubali kwa shingo upande, akawalipia Mama, Bibi Kanziga na sisi watoto watatu tuliokuwa bado nyumbani, akajiacha yeye mwenyewe, akijiambia kwamba mkuu wa wabebaji hana sababu ya kulipiwa.

Asubuhi ya tarehe 9 Machi 2005 nilizidiwa na homa ya mapafu, nikiwa na miaka kumi na miwili, na wanaume kumi na wawili wakanibeba kwa kupokezana hadi kituo cha afya, Baba akiwa mbele upande wa kulia, safari nzima bila kukubali kupokewa, na ninachokikumbuka kupitia matundu ya mianzi ni sikio lake, liking'aa kwa jasho. Muuguzi Speransa, ambaye yuko nasi leo ameketi kule nyuma, alinitundikia dripu kwanza, ndipo akaichukua kadi ya nyumba yetu ili aandike barua ya kunipeleka hospitali kubwa, akahesabu, akahesabu tena, akauliza, "Mzee, hapa mmeandikwa watu sita, waliolipiwa watano, wa sita ni nani?" Baba akamjibu kwa majivuno yake yote, "Wa sita ni mimi, na mimi sibebwi, mimi nabeba." Muuguzi akamtazama akamwambia, "Mzee wangu, nyumba ikikosa mmoja imekosa wote, kadi hii haifanyi kazi, wala kwa huyu mtoto."

Bila kadi, hospitali ile ingemeza shamba la viazi na ng'ombe wetu, na kurudi kutafuta fedha kilimani kulikuwa kuniua njiani, na Baba, Mama anasema, alisimama pale mlangoni akiwa ameshika kofia yake kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Wabebaji walikuwa wameketi kwenye nyasi wakipumzika, na Mzee Ladislasi, jirani yetu, mtani wake wa miaka yote, ndiye aliyeinuka na kuipitisha kofia ileile, kila mmoja akatia alichokuwa nacho mfukoni mpaka mchango wa mtu wa sita ukatimia, muuguzi akagonga muhuri, na gari likanichukua. Hapo ndipo Mzee Ladislasi alipomwambia, "Haya, Venusti, leo tumekubeba wewe, na wala hukuhisi kutikisika."

Nilipotoka hospitali nikitembea kwa miguu yangu, Baba aliitisha mkutano wa chama akatangaza kwamba tangu siku hiyo mituweli ni zamu kama zamu nyingine, kila mwaka kabla ya kulipa atazunguka nyumba kwa nyumba, na ile isiyoweza, chama kitaiongezea, akazunguka kweli, na mnajua alivyokuwa king'ang'anizi, wengine mlimlipa ili aondoke mlangoni.

Sitasema kwamba kila kitu kilikuwa kizuri, maana Baba angeinuka humo alimolala. Foleni zilirefuka, mara nyingi mtu aliamka alfajiri akarudi jioni na karatasi ya kwenda kununua dawa dukani kwa sababu kituoni ilikuwa imekwisha, daktari alimwangalia mgonjwa muda wa kufunga kamba ya kiatu, na wenye afya walinung'unika. Mzee Ladislasi alimfokea mbele ya kanisa, "Miaka minne nalipa, sijakohoa hata mara moja, mchango wangu umekwenda wapi?" Baba akamwambia, "Umekwenda kwa Donatila, yule pale, muulize kama umefika." Tena lile aliloliogopa lilitokea, kwani gari la wagonjwa lilipoanza kufika hadi barabara ya chini, watu walipungua kwenye chama, na alipoiacha kazi ya ukuu mwaka 2016, ingobyi ilipandishwa darini na hakuna aliyeiulizia. Hilo lilimuuma kuliko mgongo, akawa akisema, "Siku hizi jirani anapiga simu, anarudi kula."

Tarehe 14 Novemba 2019 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, ugonjwa alioutaja kwa mara ya kwanza kwa kumtuma Mama atuambie. Kadi ilimfikisha kwa madaktari ambao babu yetu hakuwahi hata kusikia kwamba wapo, ikamlipia upasuaji na vitanda vya hospitali mbili, ingawa dawa nyingine haikuzifikia na nyie ndugu mlituchangia, na kwa hayo yote alipata miaka miwili na zaidi ya kumsumbua Mama, ambayo Mama anasema haikutosha.

Mapema Mei mwaka huu wa 2022 madaktari walituambia kwa upole tumrudishe nyumbani, lakini mvua ilikuwa imeisomba barabara ya chini, na tarehe 9 Mei gari lilisimama pale kwenye maporomoko lisiweze kuendelea. Teofili akapiga simu kilimani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita ingobyi ikateremshwa darini ikapanguswa vumbi, vijana kumi na mmoja ambao hawajawahi kubeba mtu wakaja wakikimbia, na Baba akawafundisha kazi akiwa ndani yake, "Bega la kushoto, we mtoto, la kushoto! Wa nyuma punguza hatua!" Mzee Ladislasi, na fimbo yake, akawa anatembea pembeni akamuuliza, "Leo umehisi?" Baba akajibu, "Nimehisi, bwana wee, wananitikisa kama gunia la viazi," na alikuwa analia na kucheka, nasi sote pia.

Hapa naomba kutua. Tarehe 27 Juni nilikaa mezani kujaza mchango wa mwaka mpya wa mituweli, unaoanza tarehe mosi Julai, na nyumbani tumebaki wanne, Baba, Mama, mimi na mwanangu Belisi. Niliandika watatu. Nakiri mbele yenu, hakuna aliyenituma, nilifikiri kimoyomoyo kwamba mtu ambaye madaktari wamemrudisha nyumbani hana haja ya kulipiwa mwaka mzima. Baba alikuwa kitandani, mlango wazi, akaniita nimsomee majina, nikasoma matatu, akangoja, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Nyumba ikikosa mmoja?" Nikaandika jina lake mwanzo kabisa, juu ya sisi sote, na mchana uleule nikaenda kulipa.

Alifariki Jumapili tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitano, Mama amemshika mkono. Jumamosi nilikuwa nimemwomba msamaha kwa yale majina matatu, akaniambia, "Mwanangu, nimelipiwa mwaka mzima, nami nitatumia siku mbili tatu tu, zilizobaki usimdai mtu, kuna atakayeugua."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, na kipekee Mama Speransa, aliyemgombeza siku ambayo hakuna mwingine angethubutu. Tunawashukuru majirani waliotuletea kuni na maharage, wanakwaya, wazee wa chama cha ingobyi, na wale vijana kumi na mmoja, ambao Jumatatu walikutana wakagawana zamu upya bila kuambiwa na mtu, na ndio watakaombeba sasa hivi.

Baba, umetumia siku tatu. Mia tatu sitini na mbili umeziacha hapa Gasharu, na sisi hatujui ni za nani, labda ni za mtoto wa mtu aliyesimama hapa. Tua mzigo, Baba, ulale kwa amani. Vijana, bega la kushoto.